“Mwepesi wa kushawishika” au “kigeugeu”? Jibu kwa mwalimu wa Kisumu

Mwalimu mmoja wa Gredi ya 7 mjini Kisumu ameniandikia hivi:

“Habari Mwalimu. Kwenye ripoti ya muhula niliandika kwamba mvulana mmoja wa darasa langu ‘ni kigeugeu na hana msimamo’. Nilichotaka kusema ni kwamba ana akili na adabu, ila wenzake wakisema twende huku, anakwenda. Mama yake amekuja shuleni akiwa amekasirika, anasema nimemwita mwanawe mwongo. Katika chumba cha walimu, mmoja ananiambia ningeandika ‘rahisi kushawishika’, mwingine ‘anaathirika kwa urahisi’, wa tatu anasema ‘bendera fuata upepo’ ingetosha. Neno sahihi ni lipi? Tena, ni sawa kusema mtoto ‘ameshawishika na marafiki’? Na je, hakuna neno moja tu la kutaja hali hii?”

Mwalimu mwenzangu, nianze na mama huyo, kwa sababu Kiswahili chako alikisoma sawasawa. Kigeugeu ni mtu anayesema hili leo na kesho analikana. Ahadi yake haishikiki. Katika Kenya neno hili limezoea kukaa kwenye mazungumzo ya siasa. Mtu akiapa Jumapili kwamba hahami chama, na Ijumaa ukamwona amevaa kofia ya chama kingine, wananchi humwita kigeugeu, na hapo hawamwonei huruma hata kidogo. Wanamshtaki. Wanasema aligeuka mwenyewe, kwa faida yake mwenyewe, akijua anachofanya. Ndani ya neno kuna kitenzi geuka, na mtendaji wa geuka ni yule yule anayelaumiwa. Mvulana wako, kwa maelezo uliyonipa, hakugeuka. Aligeuzwa. Mama alisikia shtaka la uongo kwa sababu shtaka hilo limo.

“Hana msimamo” nalo ni zito kuliko linavyosikika. Hapa kwetu Nakuru, na naamini Kisumu pia, ndilo neno la kwanza linalomjia mtu mdomoni: huyu hana msimamo, achana naye. Kwa mtu mzima ni tuhuma ya haki. Mwekahazina wa chama akikubaliana na kila anayemfikia kwanza, wanachama wana sababu ya kusema hana msimamo. Lakini msimamo ni mahali mtu amechagua kusimama baada ya kupima, na mtoto wa Gredi ya 7 bado tunamfundisha kupima. Kumwandikia kwamba hana msimamo ni kumdai kitu ambacho sisi wenyewe hatujamaliza kumpa.

Kwa hiyo jibu fupi la swali lako la kwanza ni mwepesi wa kushawishika. Ukilitaka hilo tu, lichukue. Lakini naomba unisikilize zaidi kidogo, kwa sababu maneno uliyopewa na wenzako katika chumba cha walimu yanatofautiana kwa jambo moja kubwa: kila moja linaamua lawama imwangukie nani. Mzazi anayesoma ripoti hulisikia jambo hilo hata kama hajui sarufi yoyote.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Shawishi limetoka katika Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kuvuruga au kuchanganya. Ndugu yake tunaye nyumbani: tashwishi, yaani shaka, kama katika “bila tashwishi”. Ukiyaweka mawili hayo pamoja unaona picha ya zamani: kumshawishi mtu ni kuitia akili yake tashwishi, kuyakoroga mambo yaliyokuwa yametulia ndani yake mpaka akubali yatulie upya pale unapotaka wewe. (Wasiwasi lina historia inayokaribiana na hii. Kwa Kiarabu ni mnong’ono, hasa ule wa shetani sikioni mwa mtu. Sisi tumeuacha mnong’ono wenyewe tukabaki na hofu inayoletwa nao.)

Kutoka hapo neno limekwenda njia mbili, na zote mbili bado ziko hai katika eneo letu. Njia ya kwanza ni ya dhambi. Wakatoliki husali kila siku, “Usitutie katika kishawishi,” mahali ambapo Waprotestanti husema, “Usitutie majaribuni.” Mtu aliyelelewa na sala hiyo huko Mumias au Kakamega akisikia mtoto anashawishika, haoni mbali kumfikiria nyoka na tunda. Njia ya pili ni ya hoja. Darasani tunawafundisha wanafunzi kuandika hotuba ya kushawishi, na anayeiandika vizuri tunampa alama. Katika mjadala mtu husema, “Sijashawishika,” maana yake hoja zako hazijanitosha. Na akisema, “Nimeshawishika,” anakupa heshima. Mtu wa namna hiyo si mnyonge. Amesikiliza, amepima, amekubali.

Hili la pili lina uzito kwa swali lako. Kushawishika peke yake si kasoro. Mtu asiyeshawishika kabisa, hata ukimletea ushahidi mkononi, tuna maneno makali zaidi kwa ajili yake: mkaidi, kichwa ngumu, sikio la kufa. Kasoro huingia pale tunapotia neno mwepesi mbele. Usiache kuliandika neno hilo ukidhani “anashawishika” litatosha. Andika “mtoto huyu anashawishika” tu, na msomaji hatajua kama unamsifu au unamsema.

Sasa kiambishi -ika. Unakijua, lakini nataka tukitazame kwa sababu ya mtoto huyu. Kauli ya kutendeka hufanya kazi mbili. Kwanza hueleza hali iliyokwisha kutokea bila kumtaja aliyeileta: kikombe kimevunjika, mlango umefungika. Nani kavunja? Kitenzi hakisemi, na hakitaki kusema. Pili hueleza uwezekano: mwandiko huu unasomeka, njia hii inapitika hata wakati wa mvua. Hapo hakuna kilichotokea bado; tunasema tu kwamba kitu kinaweza kutendwa, kwamba hakiweki kizuizi. Wakati wa kitenzi ndio kwa kawaida unaotuonyesha ni kazi ipi. Ameshawishika ni tukio, limepita, tena linaweza kuwa jema. Hushawishika ni tabia.

Ndiyo maana kushawishika linafaa kwa mtoto kuliko kigeugeu. Halimfanyi mtendaji wa hila. Wala halimtaji mkosaji mwingine kwa jina, jambo ambalo ripoti ya shule haina haki ya kulifanya, kwa sababu hao “marafiki wabaya” wa mwanafunzi mmoja ni wanafunzi wa darasa hilo hilo, nao wana mama zao.

Mwenzako aliyesema “rahisi kushawishika” hakukosea sarufi. Linaandikwa, linasomwa, linaeleweka. Mimi ningeliepuka kwa mtu. Rahisi, katika Kiswahili cha sokoni hapa Kenya, ni bei kwanza. Ukipita Kibuye siku ya Jumapili utalisikia likitumika kwa nyanya, mitumba na sufuria. Pia ni sifa ya kazi: hesabu rahisi, swali rahisi. Tukiliweka kwa binadamu, hasa binadamu wa kike, linaanza kunuka. “Msichana rahisi” si maneno ya kuandika kwenye ripoti, hata kama kitenzi kinachofuata kingeyasafisha, kwa sababu jicho la mzazi hufika kwenye rahisi kabla ya kufika kwenye kushawishika. Epesi halina shida hiyo. Mtu huwa mwepesi wa kuelewa, mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusamehe, mwepesi wa kusahau. Linakaa kwa mema na mabaya bila kuegemea upande wowote, na kila mara linaeleza kasi ya moyo au akili ya mtu, si thamani yake.

“Anaathirika kwa urahisi” ningelikataa kabisa. Asili yake ni athari, alama inayobaki baada ya kitu kupita, na kwa asili hiyo lingeweza kufaa. Lakini maneno hayaishi kwenye asili yake. Katika taarifa za habari tunasoma juu ya waathiriwa wa mafuriko kule Nyando na Budalang’i, waathiriwa wa ajali, waathiriwa wa dhuluma. Kwa miaka mingi, katika Afrika Mashariki, “ameathirika” limekuwa njia ya kusema kwa upole kwamba mtu anaishi na virusi vya Ukimwi. Mzazi akisoma kwamba mwanawe anaathirika kwa urahisi, atafikiria ugonjwa, atafikiria jambo lililomtokea mtoto bila yeye kuambiwa. Atakuja shuleni tena, na safari hii atakuja na baba.

Na bendera? Methali yenyewe ni “bendera hufuata upepo”, nasi tumeigeuza kuwa jina: fulani ni bendera fuata upepo. Ni lugha ya kuchora, nzuri katika insha, nzuri barazani. Wenzetu wasomaji wa Biblia wanaujua upepo huo pia, kwa sababu katika waraka kwa Waefeso, sura ya 4, watoto wachanga ndio wanaochukuliwa na kila upepo. Lakini angalia anayeitwa bendera mitaani ni nani. Ni mtu anayehama na wenye nguvu: leo yuko na aliyeshinda, kesho na atakayeshinda. Methali imeacha upepo wa methali ikachukua upepo wa siasa, na hivyo imekuwa jirani wa kigeugeu. Tofauti iliyobaki ni ndogo: kigeugeu huweza kugeuka hata bila kusukumwa, bendera inahitaji upepo. Kwenye ripoti ya mtoto zote mbili ni tusi.

Kuna tamko jingine ambalo hakuna aliyekupendekezea, nami nashangaa kwa sababu liko karibu sana na ulichoona: kufuata mkumbo. Mkumbo ni kitu kinachokumba, kama maji ya mafuriko au umati unaosukumana, na anayefuata mkumbo anakwenda kwa sababu wengi wanakwenda. Hakuna aliyemshawishi kwa maneno. Hakuna hata aliyemwita. Soma tena barua yako: “wenzake wakisema twende huku, anakwenda.” Je, walisema, au walikwenda tu naye akafuata? Ukinijibu hilo nitakwambia kama kushawishika ndilo neno, au ni mkumbo. Wanafunzi wa umri huu tunazungumza nao sana juu ya shinikizo la rika, na mara nyingi hakuna aliyeshinikiza mtu. Watoto watano walitoka darasani, wa sita akaona aibu kubaki.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, Mwalimu, maana neno shawishi limetandazwa juu ya mambo mengi mno. Nitakuonyesha mahali ninapopita kila siku. Nenda steji ya matatu hapa Nakuru asubuhi, umtazame mama mwenye begi na mtoto mgongoni, anakwenda Kisumu. Manamba wa kwanza anamkimbilia: “Mama, Kisumu ni hii! Gari safi, dereva mpole, tunapita Kericho hatusimami!” Anamshawishi. Anampa maneno, na mama anaweza kuyapima. Wa pili anashika begi, anapunguza sauti: “Panda hii, nitakutolea kitu kwa nauli, na huyo mtoto simlipishi.” Huyu anamrubuni, kwa sababu ameweka chambo, maneno yake yana kitu ndani. Wa tatu haongei sana. Anamwonyesha gari lililojaa, kimebaki kiti kimoja, “wa mwisho, wa mwisho.” Mama anapanda, kisha vijana watano waliokuwa wamekaa kama abiria wanashuka mmoja mmoja, na gari linabaki nusu tupu kwa muda mrefu. Huyu amemhadaa. Alimwonyesha kisichokuwapo. Kama kungekuwa na wa nne, akachukua begi na kulitupa juu ya gari mama akipiga kelele, huyo angekuwa amemlazimisha, na hakuna mwepesi wala mgumu mbele ya kulazimishwa.

Mama ni yule yule, na mwisho ni ule ule: amekaa ndani ya matatu. Lakini kwa manamba wa kwanza, tukiona amepanda upesi mno, tunaweza kusema ni mwepesi wa kushawishika. Kwa wa pili tungesema ni mwepesi wa kurubunika, au kwa maneno ya kawaida, alivutwa na bei. Kwa wa tatu sioni haki ya kumwita mwepesi wa chochote. Mtu mwenye macho aliona gari lililojaa. Vijana wangesema “ameingizwa boksi”, na hata hao, kwa Sheng yao, wametumia kauli ya kutendwa: kuna aliyemwingiza.

Kwa mtoto wa shule ni hivyo hivyo. Aliyepewa chapati na mwenzake ili amwachie kunakili hesabu, amerubuniwa. Aliyeambiwa “mwalimu wa zamu amesema tutoke” na kumbe hakusema, amehadaiwa. Aliyetishwa na wakubwa amelazimishwa, na hapo ripoti ya muhula si mahali pake. Hapo ni ofisini kwa mwalimu mkuu, upesi. Anayebaki kwa neno kushawishika ni yule aliyeambiwa, akawa na nafasi ya kukataa, akakubali kabla ya kufikiri.

Yako na mengine mawili ambayo huchanganywa na kushawishika. Mwepesi wa kuamini ni anayemeza habari. Ni yule mjomba kwenye kundi la familia la WhatsApp anayetuma kila anachoona kuhusu dawa ya mwarobaini, naye huenda akawa mtu mgumu kabisa kushawishika. Jaribu kumbadilisha chama cha siasa uone. Mwepesi wa kuiga naye hahitaji maneno ya mtu. Anaona mwendo wa kaka yake, kesho anatembea hivyo. Wazee walikuwa wakilenga hali hiyo, pamoja na ulaini wote wa utotoni, waliposema “udongo uwahi ungali maji” na “samaki mkunje angali mbichi”. Methali hizo mbili nazipenda kwa sababu zinautaja ulaini wa mtoto bila kuulaumu. Anayeambiwa afanye kitu ni mfinyanzi, ni mkunjaji samaki, ni sisi.

Nilisema kushawishika halimtaji mkosaji, na hilo linatuleta kwenye swali lako la pili, “ameshawishika na marafiki”. Kwa maandishi rasmi, epuka. Kauli ya kutendeka haibebi mtenda. Hatusemi “kikombe kimevunjika na mtoto”; tunasema kimevunjwa na mtoto. Vivyo hivyo ameshawishiwa na marafiki, amerubuniwa na marafiki, amehadaiwa na marafiki. Ukitaka kubaki na -ika na bado utaje sababu, tumia kwa: “ameshawishika kwa maneno ya marafiki zake.” Hapo maneno ni njia, si mtenda, na sarufi inatulia.

Usije ukaambiwa, hata hivyo, kwamba na haikai kamwe baada ya -ika. Tunasema ameridhika na matokeo, ametosheka na chakula, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu matokeo na chakula hayakumfanyia mtu tendo. Ni vitu ambavyo moyo wake umetulia navyo. Na katika mazungumzo utasikia “kushawishika na” kila siku, redioni na mimbarini. Sitaki uwasahihishe watu barabarani. Ila uchague ukijua: ukiandika ameshawishika, umenyamaza kuhusu wengine, ukiandika ameshawishiwa, umesema kuna mtu aliyefanya, na mzazi atakuuliza ni nani. Uwe na jibu.

Kuhusu ripoti yenyewe, ushauri wangu ni huu, na ndio ninaoutaka zaidi ya neno lolote. Usimpe mtoto sifa ya kudumu wakati unachoweza kukitaja ni tendo uliloliona. Kiambishi hu- kinapoingia, “hushawishika”, umeandika maumbile yake. “Ni mwepesi” ni vivyo hivyo: ni inafunga mlango. Mwandikie mzazi ulichokiona kikitokea. Mfano, unajua na mimi najua yule mtoto anayefanya hesabu vizuri katika kikundi, anapata jibu, anaandika, halafu mwenzake mwenye sauti kubwa anasema “si hivyo,” naye anachukua kifutio anafuta jibu sahihi bila hata kuuliza kwa nini. Hilo ni jambo la kuonyesha. Andika: “Muhula huu, katika kazi za kikundi, amekuwa akiacha jibu lake sahihi pindi wenzake wanapolipinga. Tunamzoeza kueleza sababu za jibu lake kabla ya kulibadilisha. Nyumbani, tafadhali mpeni nafasi ya kutoa maoni na kuyatetea.” Hapo hakuna kivumishi hata kimoja juu ya mtoto, na mama amejua kila kitu, pamoja na la kufanya.

Kama nafasi kwenye fomu ni ya mstari mmoja tu, kwa sababu najua fomu hizo, andika: “Ana bidii na ni msikivu, asaidiwe kutoshawishika upesi na kutetea maoni yake.” Msikivu nimelitia kwa makusudi. Mtoto anayesikiliza walimu wake na mtoto anayesikiliza wenzake kupita kiasi mara nyingi ni mtoto mmoja, na mzazi anastahili kulisikia hilo la kwanza kabla ya la pili.

Kwa mama huyo, nadhani barua haitoshi. Mwite, mketi. Mwambie kwamba kigeugeu si neno ulilopaswa kumpa mwanawe, kisha msimulie yale uliyoyaona, kwa lugha anayoipenda. Kama mazungumzo yenu ni ya Kijaluo, yaacheni yawe ya Kijaluo. Hakuna kamusi itakayowafikisha mbali kuliko tukio lenyewe likisimuliwa vizuri. Halafu omba ripoti irudishwe uandike upya. Maneno ya mwalimu hukaa kwenye faili, na mwalimu wa Gredi ya 8 atayasoma kabla ya kumjua mtoto.

Swali lako la mwisho, kama liko neno moja. Kwa matumizi ya kawaida hakuna, na sioni aibu katika hilo. Tunazo sifa za -vu na -fu kwa tabia nyingi, kama sikivu, tulivu na pungufu, lakini shawishi haikuzaa ya maana hii iliyokubalika kwa watu. Nyumbufu lipo, ila ni sifa ya kitu kinachopindika bila kuvunjika, na ukilipeleka kwenye akili linakuwa sifa njema, akili inayoweza kujipinda kufuata hali mpya. Mshawishika utalikuta limeundwa hapa na pale. Halina mizizi, na msomaji atadhani ulikosea mshawishi. Limbukeni ni mgeni wa jambo, si mwenye moyo laini. Zuzu na juha ni matusi. Na aliyetiwa kasumba ni mtu mwingine kabisa: kasumba ni afyuni, na aliyelishwa hiyo amebadilishwa fikra pole pole, kwa muda mrefu, na wenye nguvu juu yake, kama tunavyosema juu ya kasumba ya kikoloni. Hayo hayatokei kwenye kikundi cha hesabu.

Kwa hiyo mkia mrefu utabaki. Mtoto mmoja: mwepesi wa kushawishika. Wengi: wepesi wa kushawishika. Ukitaka nomino, sema wepesi wa kushawishika vile vile, na msomaji atajua kama unataja watu au hali kwa upatanisho unaofuata: wepesi wake wa kushawishika umepungua, watoto hawa wepesi wa kushawishika wamebadilika. Baadhi ya waandishi huondoa wa na kusema mwepesi kushawishika. Si kosa, lakini kwa maandishi ya shule ibakishe.